Majina Saba na Kinywa Kimoja

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu, ya kanda za video na redio za betri, palikuwa na shamba la mkonge likiitwa Kwembago. Sogeeni mnisikilize vizuri, kwa sababu mwishoni mimi sitawapa jibu. Jibu mtanipa ninyi.

Shamba hilo lilikuwa kubwa. Ukisimama mlangoni pa ofisi, mistari ya mkonge ilikwenda mpaka macho yakachoka. Watu walitoka kila pembe ya nchi kuja kufanya kazi: Wazigua, Wamakonde, Waha, Wangoni. Waliishi katika nyumba za shamba. Walitibiwa katika zahanati ya shamba. Unga walinunua katika duka la shamba. Hata kaburi, ukifa, ulipewa na shamba. Kwa hiyo aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumba, na dawa, na unga, na kaburi.

Meneja wa shamba watu walimwita Bwana Funguo. Alivaa mshipi mpana, na kwenye mshipi zilining'inia funguo za kila mlango wa Kwembago. Akitembea, zililia. Watu walizisikia kabla hawajamwona. Waliokuwa wakicheka walinyamaza. Waliokuwa wakipiga soga walishika kazi. Mama aliyekuwa akinyonyesha alimfunika mtoto kichwa. Zikishapita, watu walipumua.

Katika shamba hilo palikuwa na ghala la brashi. Humo wanawake walichana katani kwa mashine mpaka ikang'aa, kisha ikafungwa marobota ya kupelekwa bandarini. Bwana Funguo alisema wanawake hao ni wezi, wanaficha katani viunoni wakasuke kamba za kuuza. Akaamuru mlango ufungwe kwa nje. Basi ikawa hivyo. Asubuhi wanawake wanaingia, mlinzi anafunga kufuli, ufunguo unakwenda kwenye mshipi wa Bwana Funguo. Saa nane ufunguo unarudi, mlango unafunguliwa, wanapekuliwa, wanakwenda zao.

Jumanne moja wakaingia wanawake kumi na mmoja. Saa nne mashine ilitoa cheche. Katani kavu haiungui, inalipuka. Mlinzi wa siku hiyo aliitwa Lihawa, Mngoni mmoja mpole, mrefu. Aliona moshi, akakimbia ofisini.

"Bwana, ufunguo. Ghala linaungua."

Bwana Funguo alikwenda dirishani akatazama. Ghala la pili, lililojaa marobota tayari kwa safari, lilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye moto.

"Toeni kwanza marobota," alisema.

"Bwana, mna watu mle ndani."

"Nimesikia. Toeni marobota."

Wakatoa marobota. Walitoa wakikimbia, wakilia, wengine wakijiziba masikio kwa mabega. Robota la mwisho lilipotoka, ndipo ufunguo nao ukatoka kwenye mshipi.

Mlango ulipofunguliwa, wanne walikutwa kizingitini, wameangukiana. Wengine saba walikuwa mwisho wa ghala, na paa lilikwisha kuwafunika.

Wanne wakazikwa siku ile ile. Na wale saba? Kesho yake lilikuja lori la saruji. Mabati na majivu vikasawazishwa, saruji ikamwagwa juu, sakafu mpya ikapigwa kwa siku tatu. Kisha Bwana Funguo akawakusanya watu wote.

"Wamekufa wanne," alisema. "Saba walitorokea dirishani na hawajulikani walipo. Atakayesema vingine, aanze kufungasha vyombo kabla hajamaliza kusema. Na mtu aliyetoroka haliliwi. Nisione matanga hapa."

Ghala lile halikuwa na dirisha. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alitazama chini.

Paskazia alikuwa mmoja wa wale saba. Mumewe alipanda baiskeli akaenda wilayani kuuliza. Hakurudi. Baada ya siku nne baiskeli yake ilionekana imeegemezwa kwenye ukuta wa ofisi, imeoshwa vizuri, hata matairi. Toka siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Ghala likajengwa upya juu ya sakafu ile, wakaingizwa wanawake wengine. Miongoni mwao alikuwamo Bi Semeni, na binti yake Sikitu alikuwa mmoja wa wale saba. Bi Semeni alichana katani akiwa amesimama juu ya mwanawe. Akirudi nyumbani alikaa kimya, kwa sababu kulia kulikatazwa.

Sasa anaingia wa kwanza katika watu wangu watatu. Huyu ni Mhina, karani wa mahudhurio. Kila asubuhi yeye ndiye aliyeita majina na kutia alama daftarini. Siku ya moto aliita kumi na moja, na kumi na mmoja waliitika. Siku ya saruji aliitwa ofisini.

"Karani, ukurasa huu umeharibika," Bwana Funguo alimwambia. "Andika mwingine. Wanne waliingia ghalani. Saba hawakufika kazini. La dirisha ni la watu wa kambi, hili ni la wakubwa."

Mhina alikuwa na mke mgonjwa aliyelazwa katika zahanati ya shamba. Aliandika. Mwandiko ulitoka mzuri, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zote. Ukurasa wa zamani ulichomwa moto mbele yake.

Lakini Mhina alikuwa pia malenga. Harusi za Kwembago hazikutimia bila shairi lake. Majina saba aliyoyafuta daftarini yalikataa kumwacha. Akila, yanamwita. Akiita mahudhurio asubuhi, ulimi unataka kuyataja. Ikafika siku akatunga shairi la beti saba, kila jina ubeti wake. Hakuliandika popote. Akaenda kwenye tangi la maji, akamkuta Bi Semeni peke yake anakinga ndoo.

"Bi Semeni, nina kitu chako. Sikiliza vizuri, sitarudia."

Akamwambia sikioni, huku macho yake yakitazama njia:

*Sikitu hukutoroka, wala hukwenda mjini,*
*Kanga yako yakauka, i kambani uwanjani,*
*Mamayo hakukuzika, akulilie kwa nani?*
*Sakafu tunapofika, twakanyaga kitu gani?*

Ndoo ilijaa ikamwagika, Bi Semeni hakuiona.

"Nani katunga?" aliuliza.

"Hakuna aliyetunga," Mhina alijibu. "Umelisikia kwenye upepo." Akaondoka haraka.

Shairi likatembea. Lilipita kutoka mama kwa mama, kutoka beseni la kufulia hadi jiko. Wanawake wa ghalani waliliimba chini ya kelele za mashine, midomo ikicheza kidogo tu. Wakifika pale pa "twakanyaga kitu gani," walikuwa wakinyanyua miguu kama wanaopita juu ya makaa. Walikuwa bado wanaogopa, lakini sasa kila mmoja alijua kwamba mwenzake naye anajua.

Siku moja umeme ulikatika ghafla. Mashine zikanyamaza, wimbo ukabaki hewani. Na funguo zilikuwa zimesimama mlangoni.

Bwana Funguo aliwapanga watu wote uwanjani, jua kali. Mhina alisimama hatua moja nyuma yake, daftari kwapani, kama ilivyokuwa kazi yake.

"Nani katunga?" Bwana Funguo aliuliza.

Alipita mstari wa kwanza, funguo zikilia, akarudi.

"Basi kambi nzima inahama leo. Watoto, wagonjwa, wote."

Mhina alifungua mdomo. Hakutoa sauti.

"Ni mimi," alisema Bi Semeni.

"Wewe?"

"Ni mimi, bwana. Sikitu ni mwanangu. Ulitaka nani mwingine atunge?"

Alimtazama Mhina mara moja tu. Mhina akainamisha macho kwenye viatu vyake. Kabla ya adhuhuri vyungu vya Bi Semeni vilikuwa vumbini, na hakuna jirani aliyethubutu kumwokotea hata mwiko.

Isipokuwa mmoja. Na huyo ndiye wa pili katika watu wangu. Aliitwa Somoe, mzaliwa wa Lindi, mwenye sauti ya kufika mbali. Aliongoza kikundi cha maigizo kilichowafurahisha wageni siku za sherehe. Nyumba yake ilikuwa nje ya seng'enge, katika kiwanja alichoachiwa na mumewe, na kwa hiyo Bwana Funguo hakuweza kumfukuza. Aliingia uwanjani mchana kweupe, akaokota vyungu kimoja kimoja, akamshika Bi Semeni mkono wakaenda.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kanisani, Lihawa yule mlinzi alikwenda kwa Somoe. Alikaa kwenye kigoda, kofia mikononi.

"Dada Somoe, nawasikia," alisema. "Nikishika kufuli lolote, hata la sanduku langu, nawasikia."

"Unasikia nini, kaka?"

"Nilirudi mlangoni nikingoja ufunguo. Walikuwa wakigonga. Hawakusema tufungulie. Walisema, 'Kaka Lihawa, ni sisi.' Walidhani sijui ni wao. Walidhani nikijua nitafungua." Akaigeuza kofia. "Nimekuambia nipumue tu. Nakuomba, dada, lisitoke hapa. Wakijua nimesema, nimekwisha."

"Halitatoka," Somoe alisema.

Ikaja Sikukuu ya Wafanyakazi. Mkuu wa wilaya alialikwa, viti vya kitambaa vikapangwa, kikundi cha Somoe kikaambiwa kiandae mchezo wa kufundisha watu kutumia vyandarua. Walifanya mazoezi ya vyandarua mbele ya wanyapara, wakacheka, wakapigiwa makofi. Mazoezi ya mchezo wenyewe walifanya ndani ya nyumba ya Somoe, kwa minong'ono, milango imefungwa. Waigizaji walikuwa tisa. Watatu waliogopa wakajitoa, na hakuna aliyewalaumu.

Siku yenyewe walileta uwanjani mlango mmoja mkuukuu, wakausimamisha. Waigizaji wanne walikwenda nyuma ya mlango. Mmoja alisimama mbele na kofia ya mlinzi. Somoe alijifunga mshipi mpana, akatundika vijiko vya bati. Alipopiga hatua ya kwanza, vijiko vikalia, na watu mia nane wakanyamaza kama walivyozoea. Hata mtoto hakukohoa.

Nyuma ya mlango wakaanza kugonga. Pole pole. Kisha sauti moja ikasema, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani:

"Kaka, ni sisi."

Somoe, na vijiko vyake, akajibu, "Toeni kwanza marobota."

"Kaka, ni sisi."

"Toeni marobota."

"Kaka, ni sisi."

Langoni, Lihawa halisi alikuwa amesimama na sare yake na bunduki yake. Alipiga magoti. Bunduki ikaanguka. Akaziba uso kwa mikono miwili, na kila mtu akageuka akamwona. Bwana Funguo naye alimwona. Hapo mwanamke mmoja akaanza, chini chini, "Sakafu tunapofika," na uwanja mzima ukamjibu.

Mkuu wa wilaya aliinama kwa mwenyeji wake. "Huu ni mchezo gani?"

"Wa kuchekesha, mheshimiwa," Bwana Funguo alisema. "Hawajui tu kuigiza."

Mkuu wa wilaya hakucheka. Kabla ya kupanda gari alisema atatuma tume.

Siku ya tatu Lihawa alikutwa bwawani, anaelea. Sare yake ilikuwa imefungwa vifungo vyote, hadi cha shingoni. Siku hiyo hiyo walinzi walimkamata Somoe njiani, wakamwingiza katika stoo ya shamba, wakamvunja mguu kwa mpini wa jembe, kisha wakamkabidhi kwa polisi wakisema ni mchochezi. Alikaa mahabusu miezi miwili. Mguu uliunga vibaya. Mule ndani hakusikitikia mguu. Wenzake waliokuwa naye walisema alikuwa akirudia neno moja: "Nilimwahidi."

Tume ikafika. Watu watatu, mama mmoja mwenye miwani ndiye mwenyekiti. Walikaa katika ukumbi wa shamba, na Bwana Funguo akakaa mlangoni ili kila anayeingia ampite. Waliuliza watu arobaini. Arobaini walisema hawajui. Walipouliza kuhusu mchezo, waliambiwa ni mchezo. Walipouliza kuhusu wimbo, waliambiwa ni wimbo. Mwenyekiti alifungua daftari la mahudhurio: wanne waliingia, saba hawakufika. Akamwita karani.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Na yaliyoandikwa ni kweli?"

Pale mlangoni funguo zililia kidogo. Mkewe alikuwa bado kitandani katika zahanati ya shamba.

"Ni uongo," alisema. "Niliita kumi na moja wakaitika kumi na mmoja. Nilibadilisha. Na lile shairi ni langu pia. Si la Bi Semeni."

Mwenyekiti alivua miwani. "Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa? Una kitu cha kuonyesha?"

"Sina. Ukurasa ulichomwa."

"Basi karani, umenipa neno lako dhidi ya mwandiko wako mwenyewe."

Mhina alitolewa nje, akafungiwa katika ofisi yake. Tume ikaanza kukusanya makaratasi.

Sasa anaingia wa tatu. Aliitwa Leokadia, mpiga picha za video wa mjini, wa harusi na maulidi na ubatizo. Miezi kumi kabla, Bwana Funguo alikuwa amemkodi atengeneze filamu ya kuwaonyesha wanunuzi wa ng'ambo jinsi Kwembago linavyopendeza. Alifika asubuhi ya Jumanne ile. Akapiga picha wakata mkonge, akapiga picha za mashine, akasimama mlango wa ghala la brashi wanawake wakiingia. Aliwaomba kila mmoja ataje jina lake, basi tu, apate sauti zao. Kisha akapiga picha kufuli likifungwa, na mkono ukitundika ufunguo kwenye mshipi. Saa tatu aliondoka na gari la maziwa.

Redioni alisikia kwamba wanne wamekufa na saba wametoroka. Yeye aliliona kufuli. Alikaa chini kwenye sakafu ya studio yake. Wiki hiyo Bwana Funguo alimfuata achukue kanda. Leokadia alimpa kanda ya ubatizo yenye karatasi ya Kwembago juu yake, akamwambia unyevu umeiharibu. Kanda yenyewe aliizika katika pipa la mchele. Kuanzia hapo gari moja la shamba lilikuwa likipunguza mwendo mbele ya studio yake, mara mbili kwa wiki, halisimami, linapunguza tu. Alihamisha kitanda mbali na dirisha. Hakumwambia mtu. Miezi kumi.

Halafu alikodiwa harusi kijiji cha jirani. Akiwa na kamera begani, alisikia wanawake jikoni wakiimba, "Sikitu hukutoroka." Akashusha kamera. Akauliza Sikitu ni nani. Wakamweleza kuhusu shairi, na mchezo, na mlinzi aliyekutwa bwawani, na tume inayoondoka kesho. Harusi ile haikupata video.

Alifika ukumbini mwenyekiti akiwa amesimama, mkoba mkononi. Alikuwa amebeba televisheni ndogo na deki, na kanda ikiwa imefungwa kifuani kama mtoto.

"Mama, naomba dakika sita," alisema.

Bwana Funguo aliinuka. "Huyu ni mpiga picha wa harusi."

"Basi tuone harusi," alisema mwenyekiti.

Kioo kikawaka. Mlango wa ghala. Jua la asubuhi. Msichana mwenye kanga kichwani akaitazama kamera, akaona haya, akacheka.

"Naitwa Sikitu."

Nyuma yake mwingine. "Paskazia."

"Mimi Nakuzelwa."

"Mwanamtama, binti Saguti."

"Veneranda."

"Tausi."

"Asumpta. Nitaonekana Ulaya?"

Na wale wanne nao, mmoja mmoja. Kumi na mmoja. Kisha kufuli, kisha mkono, kisha mshipi. Bi Semeni, aliyekuwa amesimama dirishani kwa nje, aliingia bila kubisha hodi, akaenda hadi kwenye kioo, akaweka kiganja juu yake. Picha ya mwanawe ilikwisha kupita.

Mwenyekiti alisema maneno mawili tu: "Leteni sululu."

Sakafu ilivunjwa mchana ule. Yaliyoonekana chini yake sitawasimulia. Mtu mmoja aliyeshika sululu alikuwa bubu wiki nzima. Bwana Funguo alivuliwa mshipi, akapandishwa gari, akapelekwa. Mshipi ulibaki uwanjani siku mbili. Hakuna aliyethubutu kuuokota.

Basi, wasikilizaji wangu, fundo langu liko hapa.

Familia saba zilikuja kuzika. Mifupa ilikuwa imechanganyika, hata daktari hakuweza kuitenga, wakakubaliana kaburi moja. Lakini saba hawakuwa wa dini moja wala kabila moja. Shehe akisoma, watatu watanung'unika. Padri akisoma, wengine watanung'unika. Ndugu wa huyu akitaja jina la yule, atalikosea. Wakaafikiana: kwa kuwa majina haya yalikatazwa karibu mwaka mzima, yatasomwa mara moja, yote saba, kwa kinywa kimoja, na kinywa hicho kiwe cha mtu aliyeyarudisha. Wakamkabidhi Bi Semeni achague.

Mhina alisogea wa kwanza. Alikuwa amekonda.

"Bi Semeni, mimi niliyafuta kwa mkono huu. Najua. Nilikuacha ufukuzwe kwa ajili yangu. Najua. Lakini kila mtu alipokuwa bubu, ni shairi langu lililowafundisha watu kuyataja. Bila shairi, Somoe asingepata wa kumwitikia uwanjani, na dada Leokadia asingesikia jina la Sikitu kule harusini. Na nilisema kweli mbele ya tume nikiwa sina hata karatasi ya kunikinga. Aliyefuta ndiye arudishe. Niruhusu niite mahudhurio yao ya mwisho."

Leokadia alisema, "Shikamoo, mama. Mimi si wa hapa. Lakini hao walinitajia majina yao wenyewe, kwa vinywa vyao, na mimi ndiye mtu wa mwisho waliyemtajia. Mbele ya tume, shairi waliliita wimbo. Igizo waliliita mchezo. Kanda haikuitwa kitu, ilivunja sakafu. Niliitunza gari likinipitia mlangoni kila wiki."

"Uliitunza miezi kumi," sauti ilisema nyuma. Alikuwa mke wa Lihawa, na kaniki nyeusi ya eda. "Ungeileta mwezi wa pili, mume wangu angekuwa hai. Na wewe Somoe, hata usifungue mdomo. Alikuambia siri yake ukaipeleka jukwaani neno kwa neno. Walimuua kwa maneno yake mwenyewe."

Somoe alikuwa ameegemea gongo. Alikuwa hajaomba lolote.

"Ni kweli, shemeji," alisema. "Nilimwahidi, na niliivunja ahadi. Nilijua wanaweza kumtambua. Nilijiambia saba walio chini ya saruji wana haki kuliko mmoja anayeogopa. Sijui kama nilikuwa sahihi. Lakini mbele ya Bwana Funguo, jua likiwaka, aliyetamka yale ni mimi, na tume ilikuja kwa sababu hiyo. Wenzangu waliogopa faraghani na kufanya mambo yao faraghani. Mimi niliogopa mbele ya watu mia nane. Bi Semeni, nikiambiwa nisome, nitasoma. Nikiambiwa niondoke, nitaondoka."

"Mume wangu ndiye aliyefunga kufuli," mke wa Lihawa alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Hilo nalo nalijua." Akaketi chini.

Watu wakamtazama Bi Semeni. Mbele yake, malenga aliyefuta na kutunga. Mwigizaji aliyesema na kusaliti. Mpiga picha aliyetunza na kuchelewa.

Na jambo moja zaidi, msije mkasema nimewaficha. Wenye shamba walikuwa bado ndio wenye shamba. Bwana Funguo alikwenda, wao hawakwenda. Upande wa pili wa seng'enge siku ile ya mazishi walisimama wanaume wawili ambao hakuna aliyewajua. Hawakuvua kofia. Mmoja alikuwa na kijitabu na kalamu. Walikuwa wakingoja kuona ni nani atakayesoma. Bi Semeni aliwaona. Mhina aliwaona, na Somoe, na Leokadia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyerudi nyuma.

Kwa hiyo Bi Semeni alijua kwamba yeyote atakayempa karatasi ya majina anampa heshima, na pengine anampa kaburi.

Jeneza limeshushwa. Watu wameshika udongo viganjani. Karatasi iko mkononi mwa Bi Semeni, na mkono wake umeinuka.

Hebu niambieni, ninyi mliokaa hapa: nani kati ya watatu hawa alistahili kuyasoma yale majina saba?